Waogiek, jamii ndogo na kura: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kutoka Nakuru hadi Kisumu

Maswali haya nimeyakusanya kwenye vikao vya elimu ya uraia Njoro, Elburgon na Keringet, na mengine kwa watu wa Kisumu na Bungoma wanaouliza yale yale kuhusu majirani wao. Hurudi kila mwaka wa uchaguzi, na mengi huanza na neno "wale": wale humpigia nani, wale wako mrengo gani, nani amewashika wale. Mama yangu ni Mwogiek wa Nessuit na baba yangu si Mwogiek, kwa hiyo tangu utotoni nimekuwa "wale" na "sisi" katika nyumba moja. Nimejibu nikiwa na hilo moyoni, na Katiba mkononi.

## Mambo ya msingi

1. Waogiek ni nani, na wanaishi wapi Nakuru?

Ni jamii ya asili ya msitu wa Mau, iliyoishi kwa asali, kuwinda na kuchuma kabla ya wengi wao kuanza kulima na kufuga. Jina "Ndorobo" mlilozoea kulisikia limetokana na neno la Kimaasai la kumwita mtu asiye na ng'ombe, yaani maskini. Wengi wetu hatulipendi.

Katika Kaunti ya Nakuru utawapata zaidi katika wadi za Nessuit (eneobunge la Njoro), Mariashoni (Molo) na Tinet (Kuresoi Kusini). Wengine wako Narok, na wengine Chepkitale, juu ya Mlima Elgon, katika Kaunti ya Bungoma. Sensa ya 2019 iliwahesabu Waogiek 52,596 nchi nzima, ilhali ile ya 2009 ilikuwa imehesabu 78,691. Kumbuka kwamba karani wa sensa huandika kabila analotajiwa na mwenye nyumba. Mtu anaweza kujiita Mwogiek mwaka huu, na miaka kumi baadaye akajiita Mkalenjin au Mmaasai, kutegemea jirani yake ni nani na anaona usalama wake uko wapi.

2. Lakini Waogiek si Wakalenjin tu? Basi si wanapiga kura kama Wakalenjin?

Lugha yao iko katika kundi la Kikalenjin, na wako Waogiek wanaojitambulisha kama Wakalenjin bila shida yoyote. Wako pia wanaosema wazi kwamba wao si Wakalenjin, na kwamba kuingizwa humo ndiko kulikofanya ardhi yao igawiwe watu wengine kwa jina lao. Wa Narok wameishi na Wamaasai, wameoana nao, na wengi huzungumza Kimaa. Sasa mtu wa Sasimwani, huko Narok, na mtu wa Tinet, ambao hata gavana si mmoja, watapigaje kura sawa?

Hata hao Wakalenjin wenyewe, ambao husemwa kuwa kitu kimoja, walikuwa katika chama cha KANU 2002, ODM 2007, na kufikia 2013 wengi wao walikuwa URP. Kura ya watu husogea. Anayesema haisogei hajaangalia nyuma.

3. Chama cha Waogiek ni kipi?

Hakuna. Na chini ya kifungu cha 91 cha Katiba, chama hakiruhusiwi kujengwa juu ya msingi wa kabila.

4. Watu wanajuaje jamii fulani ilimpigia nani?

Kwa kweli hawajui. Wanakisia. Kura ni ya siri, na karatasi ya kura haina jina wala kabila la aliyeipiga.

Wanachofanya wachambuzi wengi ni kuchukua fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya urais ya kituo, kuona mgombea urais aliyeongoza, kisha kusema "Waogiek wamempa fulani". Katika uchaguzi wa 2022 kituo kimoja hakikuzidi wapiga kura 700, kwa hiyo hesabu huonekana ya karibu sana. Lakini foleni ya Nessuit si ya Waogiek peke yao. Kuna Wakipsigis, Watugen, Wakikuyu, kuna mwalimu aliyehamishiwa shule ya jirani na kuna askari wa misitu. Aliyeongoza kwa kura 380 kati ya 600 bado ameacha 220 nyuma yake. Hao 220 hawaonekani kwenye kichwa cha habari, nao ni watu wazima waliopanga foleni kwenye baridi ya Mau kama wenzao.

## Kwa nini hawapigi kura pamoja

5. Si wangekuwa na nguvu zaidi wakiungana na kupiga suti, yaani wote kuchagua upande mmoja?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi na mtu anayewatakia mema.

Inategemea kiti. Katika wadi, ambako Waogiek wanaweza kuwa kundi kubwa, kukubaliana juu ya mwakilishi mmoja kuna maana, na wamewahi kukaa chini kujaribu. Kwenye urais ni hadithi nyingine. Mwaka 2022 William Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141, na Raila Odinga akapata 6,942,930. Tofauti hiyo ni kura 233,211. Waogiek wote, pamoja na watoto wa mgongoni, ni 52,596. Hata wangepiga suti kutoka juu hadi chini, wasingemweka wala kumwondoa mtu Ikulu.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Kura ikishahesabiwa kuwa ya upande mmoja kabla haijapigwa, huo upande hauna haja ya kuja kuomba, na upande wa pili hauoni faida ya kupoteza mafuta ya gari. Nimekaa kwenye kikao Mariashoni ambapo mjumbe wa kampeni alisema hadharani kwamba huko juu hakuna haja ya kupita tena, "hao tumeshaongea na wazee wao". Vijana waliokuwa wamekaa nyuma walisimama mmoja mmoja wakatoka. Hakuna aliyewauliza wanataka nini, na ilikuwa wiki tatu kabla ya uchaguzi.

6. Basi wanatofautiana juu ya nini hasa?

Ardhi kwanza, na hapo ndipo mgeni hukosea zaidi, kwa sababu hudhani watu waliodhulumiwa ardhi moja watakuwa na jibu moja.

Chukua suala la hati. Kifungu cha 63 cha Katiba kinatambua ardhi ya mababu ya jamii za wawindaji kuwa ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ikaweka njia ya kuisajili. Kuna Waogiek wanaoona hiyo ndiyo njia pekee: hati moja ya jamii, isiyoweza kuuzwa na kijana mmoja mwenye deni. Kuna wengine, hasa waliokwisha kujenga nyumba za mabati na kupanda viazi na pareto, wanaotaka hati ya mtu binafsi ili wakope benki na wagawie watoto. Katika familia ya mama yangu ndugu wawili waliozaliwa tumbo moja hawaelewani juu ya hili tangu 2016. Wote wawili wana sababu. Mjomba mkubwa alishuhudia shamba la jirani likiuzwa kwa mgeni kwa bei ya kutupa, na mjomba mdogo amesomesha watoto wanne bila dhamana ya kupeleka popote.

Kisha kuna msitu wenyewe. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kuondoa takriban hekta 67,000 za ardhi kutoka misitu ya nchi, sehemu kubwa ikiwa Mau, na walioipata wengi hawakuwa Waogiek. Ilipofika 2009 serikali ya muungano ikaanza kuwaondoa watu ili kuurejesha msitu. Raila, aliyekuwa Waziri Mkuu, akawa uso wa mpango huo, na Ruto akaupinga. Mgogoro huo ulichangia sana kuivunja ODM katika Bonde la Ufa. Waogiek nao waligawanyika. Wapo waliofurahi kuona waliofyeka msitu wakitolewa. Wapo walioogopa, kwa sababu ilani ya Oktoba 2009 ya kuhama ndani ya siku 30 iliwagusa na wao. Ilani hiyo ndiyo iliyozaa kesi ya Arusha (tazama swali la 15).

Baada ya ardhi yanakuja yale yanayomgawanya Mkenya yeyote: dini, umri, karo, bei ya mbolea, barabara ya kushukia Njoro mvua ikinyesha, na nani alikuja kwenye matanga na nani hakuja. Wanawake wana hoja yao ambayo wazee wengi hawaitaji jukwaani, nayo ni kama jina la binti litaandikwa kwenye hati. Mama mmoja wa Tinet aliniambia hilo ndilo analomuuliza kila mwania kiti, na hajali rangi ya kofia yake.

7. Aliyefukuzwa msituni si lazima awe upinzani? Na mtu wa msitu si lazima awe mhifadhi?

Lazima iko wapi? Baada ya kufukuzwa, mmoja huikasirikia serikali, na mwingine huona serikali ndiyo pekee inayoweza kumpa makao, hivyo akakaa karibu nayo. Wote wameumia kwa tendo lile lile. Kuhusu uhifadhi, wako Waogiek wanaopanda miti ya kienyeji na kulinda mizinga, na wako wanaotaka ekari zaidi za viazi. Wengi hufanya yote mawili.

## Uwakilishi

8. Katiba inawapa jamii ndogo nini hasa?

Kifungu cha 56 kinaitaka serikali iweke mipango ya kuhakikisha jamii ndogo na zilizotengwa zinashiriki na kuwakilishwa katika uongozi. Cha 100 kinalitaka Bunge litunge sheria ya kukuza uwakilishi wao bungeni. Cha 177 kinataka mabunge ya kaunti yawe na wajumbe wa makundi yaliyotengwa, wakipatikana kwa orodha za vyama. Cha 260 kinapoeleza maana ya jamii iliyotengwa kinazitaja jamii za asili zilizobaki na maisha ya kuwinda na kuchuma.

Angalia kwamba vifungu hivyo vinatoa nafasi ya kusikika. Hakuna hata kimoja kinachosema jamii iwe na sauti moja.

9. Aliyeteuliwa kupitia orodha ya chama anawakilisha jamii au chama?

Kisheria kiti kinatokana na orodha ya chama, na chama kina mkono mrefu juu yake. Marehemu Seneta Victor Prengei, Mwogiek wa Nakuru aliyeteuliwa na chama cha Jubilee baada ya uchaguzi wa 2017 na kufariki kwa ajali ya barabarani Agosti 2021, aliingia kwa njia hiyo. Wengi nyumbani walijivunia sana kumwona Seneti, wakiwemo watu ambao hawakuwahi kuipigia Jubilee kura. Wengine walilalamika kwamba mteule hujibu kwa waliomteua. Nadhani wote walikuwa sahihi. Fahari ya kumwona mwenzako pale ni ya kweli, na kamba ya chama pia ni ya kweli.

Ndiyo maana si haki kuchukua msimamo wa mteule mmoja na kuuita msimamo wa Waogiek.

10. Kwa nini wasipewe eneobunge lao?

Kwa sababu wametawanyika katika wadi za maeneobunge matatu hapa Nakuru peke yake (swali la 1), na popote walipo ni wachache katika eneobunge zima. Hoja yenyewe si ngeni. Wailchamus wa Baringo walikwenda Mahakama Kuu wakidai uwakilishi, na mwaka 2006 mahakama ikakubali kwamba jamii ndogo kama yao ina haki ya kuwakilishwa. Leo kuna wadi ya Ilchamus ndani ya Baringo Kusini, lakini eneobunge la peke yao hawakupata.

11. Mtu wa jamii ndogo anaweza kuchaguliwa na jamii kubwa?

Anaweza. Kisumu Mashariki wanamjua Shakeel Shabbir, Mkenya wa asili ya Kihindi. Alichaguliwa kuwa mbunge kwa tiketi ya ODM 2007 na 2013, na mwaka 2017 akasimama kama mgombea huru katikati ya ngome ya ODM na akashinda. Dhana mbili ziliangukia hapo pamoja: kwamba Mjaluo hampigii Mhindi, na kwamba Kisumu huchagua chochote chenye nembo ya chungwa ya ODM.

## Kisumu, magharibi na mbali zaidi

12. Je, hili ni jambo la Waogiek tu?

La. Wasuba wa Rusinga na Mfangano wamehesabiwa pamoja na Wajaluo kiasi kwamba lugha yao iko hatarini kupotea, na siasa yao huhesabiwa pamoja vilevile. Lakini Tom Mboya alikuwa Msuba wa Rusinga, na Jaramogi Oginga Odinga alipotoka KANU mwaka 1966 na kuunda chama cha upinzani cha KPU, Mboya alibaki kuwa katibu mkuu wa KANU. Ziwa moja, mirengo miwili, na walipingana kwa nguvu zote.

Mlima Elgon umefunza jambo hili kwa damu. Mgogoro wa kugawa ardhi ya Chebyuk, uliozaa kundi la wanamgambo la SLDF kati ya 2006 na 2008, ulikuwa baina ya watu wanaozungumza lugha moja. Aliyetoka Bungoma mjini akiwaona wote kama "Wasabaot" hakuweza kuelewa kwa nini jirani alimchomea jirani.

Na jamii kubwa? Wanaosema Waluhya hawaeleweki husahau kwamba wale ni watu wa makabila madogo mengi. Mwaka 2022 Bungoma ilimpa Ruto wingi wa kura, Kakamega na Vihiga zikampa Raila. Mluhya akigawanyika huambiwa anafikiri au hana msimamo, kutegemea anayesema. Mwogiek akigawanyika huambiwa amenunuliwa. Hilo la pili linaniuma, kwa sababu linamnyima Mwogiek hata uwezo wa kuwa na maoni.

13. Ng'ambo jamii za asili hupiga kura pamoja?

Hata huko hapana. Tarehe 14 Oktoba 2023 Australia ilipiga kura ya maamuzi kuhusu kuweka katika katiba chombo cha kuwasemea Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait bungeni. Pendekezo lilishindwa. Linda Burney, waziri aliyetoka katika jamii hizo, alilipigania. Seneta Jacinta Nampijinpa Price alilipinga kwa kuona linawagawa raia kwa asili yao. Seneta Lidia Thorpe alilipinga pia, lakini kwa kuona ni dogo mno, maana yeye alitaka mkataba kati ya serikali na jamii hizo. Wote watatu ni wanawake wa jamii za asili.

Marekani vilevile: Tom Cole, Mchickasaw wa Oklahoma, ni mbunge wa Republican, na Sharice Davids, Mho-Chunk wa Kansas, ni wa Democratic.

## Maswali magumu

14. Wazee wa jamii wametangaza mgombea wetu. Ni lazima nifuate?

Si lazima. Mzee ana haki ya kutoa maoni, na heshima yake haipungui ukisikiliza kisha ukaamua mwenyewe. Lakini akikutisha, akikulaani kwa ajili ya kura au akikuambia utafukuzwa kwenye ardhi, hilo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016. Kadhalika kugawa pesa.

15. Ndugu yangu ni Mwogiek na hakubaliani na kesi ya Arusha. Je, ni msaliti?

Kwanza ukweli wa kesi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek, na tarehe 23 Juni 2022 ikaagiza walipwe shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi milioni 100 kwa madhara yasiyo ya mali, pamoja na kutambuliwa kwa ardhi yao. Novemba 2023 watu wakabomolewa nyumba Sasimwani, uamuzi ukiwa umekwisha kutolewa.

Mimi naona uamuzi ule ni haki iliyochelewa, na natamani utekelezwe kikamilifu. Ndugu yako anaweza kuogopa kwamba hati ya jamii itamfutia shamba alilolipalilia miaka 30, au akawa amechoka kusubiri. Muulize anaogopa nini. Nimewahi kumwita mtu msaliti mbele ya watu kwa jambo hili hili, na miaka miwili ilipita kabla hajanifungulia mlango. Nilimkosea.

16. Bibi yangu hajui kusoma. Akisaidiwa kituoni, kura yake bado ni siri?

Ana haki ya kusaidiwa na mtu mzima anayemchagua mwenyewe, na mtu huyo anaruhusiwa kumsaidia mpiga kura mmoja tu. Asipokuwa naye, msimamizi wa kituo humsaidia mbele ya mawakala wa vyama, na hapo ndipo siri huvuja, kwa sababu bibi hutamka jina na mawakala wote husikia. Jioni hiyo kijiji kizima kinajua. Kwa hiyo tafuteni mapema mjukuu anayemwamini, aende naye hadi kwenye kisanduku. Mjukuu akumbuke kwamba anatia alama ya bibi, si yake.

17. Tulihamishwa na kituo changu kiko tulikotoka. Nifanye nini?

Omba tume ya uchaguzi, IEBC, wakuhamishie kituo kabla daftari halijafungwa. Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, kwa hiyo usingoje mwaka wenyewe. Nenda na kitambulisho. Kikiwa kiliungua nyumba ilipobomolewa, anza na kitambulisho kwanza, maana bila hicho hakuna karani atakayekusikiliza.

18. Mimi si Mwogiek, nawania kiti, na wadi yangu ina Waogiek. Nipitie kwa nani?

Kila mgombea huuliza hivi akitaka namba moja ya simu. Wazee wasalimie, ni adabu. Kisha panda hadi Kiptunga siku ambayo si ya mkutano, keti na akina mama wanaorudi kuchota maji, nenda kwa vijana wa bodaboda, nenda kwa wafugaji wa nyuki, nenda kwa yule anayetaka hati ya jamii na yule anayetaka ya kwake. Utasikia maombi yanayopingana, na itabidi useme wazi uko wapi. Baadhi watakukataa mbele ya uso wako, na wengine watakutilia chai na wasikuambie kitu.